Mwisho wa Tamthilia si Mali ya Mtazamaji

Najua nimeadimika hapa kibarazani. Kazi ya kukimbizana na habari haina adabu: unatoka alfajiri kwenda kusikiliza hotuba ya saa tatu, unarudi usiku na aya nne. Lakini leo nimekaa chini, maana kuna jambo linanikereketa na nisipolisema litaniozea tumboni. Na kabla sijamnyooshea mtu kidole, naanza na mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Mei 2019. Mwezi Mtukufu wa Ramadhani. Saa kumi alfajiri hosteli ilikuwa macho, wengine kwa ajili ya daku, wengine (akiwemo mtumishi wenu) kwa ajili ya daku pamoja na Game of Thrones. Kule Marekani ilikuwa bado Jumapili usiku na HBO walikuwa wanarusha sehemu ya 73, ya mwisho kabisa. Sisi king'amuzi hatukuwa nacho. Tulichangishana bando, jamaa mmoja akaishusha kwa njia ambazo sitazieleza hapa, na kulipokucha tulikuwa watu sita tumebanana mbele ya laptopu moja.

Ilipoisha, chumba kilikuwa kimya. Kisha mwenzangu wa chumbani akatamka: "Miaka minane, kaka. Miaka minane, halafu Bran?"

Tukalipuka wote. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimeanza kuiangalia mwaka mmoja tu nyuma, tena kwa flashi ya kuazima. Lakini asubuhi ile na mimi nikajiona nimeibiwa miaka minane! Jioni likaja kwenye kundi letu la WhatsApp ombi la mtandaoni lililoitaka HBO itengeneze upya msimu wote wa nane, safari hii kwa kutumia waandishi wenye uwezo. Nikasaini bila kufikiri mara mbili. Ombi lile lilikuja kupita saini milioni 1.8. Moja ni ya kwangu, na leo naijutia hadharani.

Nijuavyo mimi, watu wengi walikwishalichukulia jambo lile kama utani wa mitandaoni uliopita. Mimi sioni hivyo. Naona ni dalili ya ugonjwa ambao sisi watazamaji na wasomaji tunao: hadithi ndefu ikikaribia mwisho, tunaacha kuisikiliza na kuanza kuidai.

Hebu tukumbushane. Game of Thrones ilianza tarehe 17 Aprili 2011. Mpaka inafika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, dunia nzima ilikuwa inaamini kwamba steringi ni Ned Stark. Na sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria: steringi hafi. Anapigwa, anafungwa, anatupwa mtoni, lakini hafi. Ned Stark akakatwa kichwa. Mwaka 2013 ikaja ile harusi, mtoto wake Robb na mkewe Stark wakachinjwa wakiwa wageni mezani. Je, tuliomba itengenezwe upya? Thubutu! Tuliwapelekea marafiki tukiwaambia, "Angalia hii, humu steringi anakufa." Tuliipenda kwa sababu haikututii.

Sasa niambieni, tamthilia iliyotupata kwa kutotutii, kwa nini mwaka 2019 tuliitaka ghafla iwe na utii? Daenerys aliyewafungulia watumwa minyororo akaugeuzia moto mji uliokwishapiga kengele za kusalimu amri. Jon Snow akamuua kwa mkono wake. Kiti walichokigombania wote kikayeyushwa na joka, na ufalme akapewa Bran. Tulishtuka, na mshtuko ndio ule ule tulioulipia tangu 2011. Nasema tulioulipia, ingawa mnajua tayari kwamba sisi wa kile chumba hatukulipa hata shilingi.

Kilichobadilika ni sisi. Msimu wa saba uliisha Agosti 2017, wa nane ukaanza Aprili 2019. Katikati hapo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kukaa bure. Tukaujaza muda huo kwa nadharia. Kila mtu alikuwa na yake, na mimi nilikuwa na ya kwangu, tena nilishabetia chipsi mayai za wiki nzima. Matokeo yake hatukufika mbele ya ile laptopu kuangalia hadithi. Tulifika kusahihisha mtihani. Mtunzi aliyejibu kama tulivyojibu sisi akapewa vema, aliyejibu tofauti akapewa kosa. Na tusisahau hili: ombi lile lilikuwa na mamia ya maelfu ya saini kabla sehemu ya mwisho haijarushwa. Watu walishamhukumu mshitakiwa wakati hajamaliza kujitetea.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kazi ile haikuwa na kasoro. Zilikuwepo, tena za wazi. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kumi. Wa saba ukawa na saba, wa nane ukawa na sita. Watu ambao zamani safari moja iliwachukua msimu mzima, wakawa wanaruka kutoka kaskazini mpaka kusini kama wamepanda bodaboda. David Benioff na D. B. Weiss walikuwa wanafuata vitabu vya George R. R. Martin, na vitabu vikawaishia njiani: cha tano kilitoka 2011, na tamthilia inafungwa 2019 cha sita kilikuwa bado hakijatoka. Kugeuka kwa Daenerys kulihitaji muda na hakukupewa. Mwenye kusema hivyo anasema kweli na nitamuunga mkono. Hata kikombe cha kahawa kilichosahaulika mezani kwenye sehemu ya nne, kila mtu alikiona.

Lakini tofautisheni mambo mawili. Kumwambia fundi, "Mlango huu umeupigilia haraka, haufungi vizuri," ni haki ya kila anayepita mlangoni. Kumwambia, "Bomoa nyumba, uijenge upya kwa ramani yangu," hiyo ni habari nyingine. La kwanza ni ukosoaji. La pili ni unyang'anyi. Na wengi wetu tulilificha la pili ndani ya la kwanza. Tulisema "wameharakisha" huku moyoni tukimaanisha "hawakumpa ufalme yule ninayempenda." Najuaje? Kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Haikuanza na hiyo. Tarehe 10 Juni 2007 The Sopranos iliisha kwa skrini kuwa nyeusi ghafla, familia ikiwa mezani mgahawani. Watu Marekani walidhani kebo zao zimekatika. Walipogundua kwamba ule ndio mwisho, wakamgeukia David Chase: sema, Tony amekufa au hajafa? Miaka mingi mzee wa watu anaulizwa swali hilo hilo. Mei 2010 ikaisha Lost. Mpaka leo utakutana na mtu anayekuapia kwamba wale abiria walikuwa wamekufa wote tangu ndege ilipoanguka, wakati kwenye sehemu ile ile ya mwisho baba yake Jack anamwambia mwanawe waziwazi kwamba yote yaliyompata yalitokea kweli. Mtu amekaa misimu sita, na jibu lilipotolewa hakulisikia, kwa sababu alishakuja na la kwake mfukoni.

Na msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Nani hapa hakukulia nyumba ambayo Isidingo ilikuwa sala ya jioni? Tamthilia ile ya Afrika Kusini ilianza 1998, na ITV ilipoturushia sisi huku, mama zetu walikuwa wakimtukana Cherel kana kwamba anaishi mtaa wa pili. Iliisha Machi 2020. Haikuisha kwa sababu mtunzi alifika mwisho wa safari yake. SABC waliisimamisha kwa kuwa watazamaji na mapato yalikuwa yamepungua. Huo ndio mwisho wa kusikitisha wenyewe: hadithi kukatwa kwa hesabu. Mtunzi aliyepata bahati ya kuimaliza hadithi yake mwenyewe, hata akiimaliza vibaya, amepata kitu ambacho wengi hunyimwa.

Sasa nifike kwenye kilichonikalisha hapa leo.

Gazeti ninaloandikia (sitalitaja, kibarua kina thamani yake) huwa na hadithi ya kila wiki. Mnazijua. Chini kuna namba ya simu ya msomaji kutuma maoni. Mwaka jana ilikuwepo hadithi ya mwanamke anayepigwa na mumewe. Iliendelea miezi mingi na ilipendwa kwelikweli. Ilipokaribia kufungwa, mtunzi alishaonyesha kwamba yule mama atabeba wanawe na kuondoka. Simu ikaanza kulia. Wasomaji hawakutaka aondoke. Walitaka mume atubu, wapatane, wamalizie kwa sherehe.

Mhariri akanipa kazi ya kukusanya ule ujumbe na kumpelekea idadi. Nikahesabu: 61 wanataka wapatane, 9 wanataka aondoke. Nikamwandikia hivyo hivyo. Ambacho sikuandika, na nilikiona kwa macho yangu, ni kwamba karibu nusu ya zile 61 zilitoka kwenye namba nne tu. Nilikuwa na haraka, nikaona ni hadithi tu. Mhariri akamwita mtunzi, akamwambia mwisho ubadilishwe. Ukabadilishwa. Mume akalia, mke akasamehe, pilau likapikwa.

Wiki mbili baadaye nilikaa na yule mtunzi kwa mama ntilie. Ni mtu mzima kwangu, namheshimu. Nikamwambia, "Kaka, wasomaji wamefurahi sana." Akachokonoa wali wake kidogo, akasema: "Mdogo wangu, dada yangu alirudi kwa mumewe. Nilitaka angalau huyu asirudi."

Sikuwa na jibu. Na mpaka leo sina. Hadithi anazoandika siku hizi ni tamu, zinasomwa, na hakuna anayelalamika. Yeye mwenyewe anasema haandiki tena, anapokea oda.

Ndipo nikakumbuka ile saini yangu ya 2019. Saini milioni 1.8 ni nyingi, zinatisha. Lakini usiku ule, kwa Marekani peke yake, sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu milioni 19.3. Waliosaini kutoka dunia nzima hawafiki hata asilimia 10 ya hao. Kelele zilikuwa za wachache, kama zile namba nne. HBO walikuwa na ubavu wa kutolitii ombi lile na hawakulitii. Mtunzi wetu wa gazetini, anayelipwa kwa hadithi, ubavu huo hana. Kelele tunazojifunzia kwenye tamthilia za mabilioni ndizo tunazokuja kuwapigia watu wetu wa nyumbani, na hawa zinawavunja.

Najua kuna atakayeniambia, "Msanii bila mtazamaji si kitu, mteja ni mfalme." Nakubali mteja ni mfalme dukani, kwenye sukari na unga. Ukinunua kiti kikavunjika, rudisha. Lakini ukinunua hadithi umenunua nafasi ya kusikiliza akili ya mtu mwingine inavyoona dunia. Kama unataka kusikia akili yako, hiyo unayo bure, tena huhitaji bando. Bibi alipokuwa akitusimulia hadithi jioni tulilia sungura alipodanganywa, tukanung'unika, tukaenda kulala. Hakuna aliyesimama kumwambia bibi arudie upya kwa kutumia bibi mwenye uwezo!

Sasa tufanyeje tamthilia tunayoipenda ikifika ukingoni? Tukae tuiangalie. Ikitukera, tuseme imetukera wapi, kwa hoja: hapa wameharakisha, hapa mhusika amefanya jambo lisilotoka ndani yake. Tubishane mpaka usiku. Anayeona angemaliza vizuri zaidi achukue kalamu aandike ya kwake, na hapo ndipo atakapojua kumaliza ni kugumu kiasi gani. Lakini kalamu ya mwenzio muachie mkononi.

Yule mwenzangu wa chumbani siku hizi ni mwalimu huko Kanda ya Ziwa. Juzi nilimpigia nikamwambia nataka kuifuta saini yangu. Akacheka, akaniambia nimechelewa. Kisha akasema ameirudia tamthilia yote tangu mwanzo, na safari hii ameanza kuona dalili za Daenerys kuanzia msimu wa pili. "Zilikuwepo, kaka," akasema. "Hatukuwa tunaangalia."

Mimi ile idadi ya 61 kwa 9 nimemwendea mhariri na kumweleza ilivyokuwa. Kanitazama, kaniambia hadithi ilishapita, niende nikaandike habari. Lakini nimesema, na jina la yule mtunzi nimelisafisha pale nilipoweza.

Naomba kuwasilisha. Anayepinga aje na hoja, matusi ayaache mlangoni pamoja na viatu.