KWANZA LUGHA, KISHA ILIMU KWA LUGHA HIYO



Kijana wa jirani yangu, aliyeanguka mtihani wa Fomu ya Pili, alikuja dukani na daftari lake. Hati nzuri, na kurasa zimejaa Kiingereza alichonakili ubaoni. Nikamwuliza kwa Kiswahili: nguo iliyoanikwa hukaukaje? Akanieleza habari za jua, upepo na mvuke bila ya kusita. Nikamwambia, "Mbona mtihanini hukuyaandika haya?" Akainamisha kichwa, akasema, "Ami, swali sikulifahamu."

Basi twauliza: aliyeanguka ni mtoto, au ni waliompangia masomo?

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamuru hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Katika miaka iliyofuata, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichunguza mitihani ya Fomu ya Pili hapa kwetu. Wakaona ya kuwa watoto wengi hujibu vizuri zaidi waulizwapo kwa Kiswahili. Wala halikuwa jambo jipya. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walizikagua skuli za Tanzania, wakasema Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Ajabu ni kwamba pamoja na hayo walishauri kibakie! Tabibu ameona dawa inadhuru, kisha ameandika chupa ya pili.

Tusisingiziwe ya kuwa twakichukia Kiingereza. Twakitaka, na twakitaka kwa mtoto wa mvuvi na wa mkulima wa karafuu, si kwa mtoto wa mkubwa peke yake, ambaye babake ana uwezo wa kumlipia skuli ya binafsi. Lakini kusomesha Kiingereza ni jambo moja, na kusomesha kwa Kiingereza ni jambo jingine.

Mimi nimesoma chuoni. Msahafu tuliusoma kwa Kiarabu. Lakini nguzo za udhu na mafungu ya mirathi maalim alitueleza kwa Kiswahili, na hapana aliyesema ilimu yetu imepungua. Na kijana anisaidiaye dukani humfundisha mizani kwa Kiswahili kwanza. Ajapo mteja mgeni, maneno ya Kiingereza huyashika upesi, kwa kuwa kitu chenyewe keshakijua.

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, somo la Kiingereza lipewe mwalimu akijuaye na aliyefunzwa kukisomesha. Pili, mtoto asikilize, aseme, asome hadithi nyepesi, aandike maneno yake mwenyewe; kunakili ubao na kuitikia kwa pamoja si kujua lugha. Tatu, jambo jipya la sayansi lielezwe kwa Kiswahili, kisha apewe majina yake ya Kiingereza. Nne, mtihani wa sayansi upime sayansi, na swali liandikwe kwa lugha zote mbili.

Wanachama, mkutanapo tawini mwiteni mwakilishi wenu, mumwulize mambo haya manne moja moja. Mwulizeni pia watoto wake wanasoma wapi. Akijibu, tuandikieni jibu lake. Akinyamaza, tuandikieni vilevile.

Wabillahi tawfiq.