Wanaoshindwa Kujieleza: Ugumu wa Lugha Usiotambuliwa kwa Watu Wazima na Nafasi Yake Katika Huduma za Umma

Huduma nyingi za umma nchini huanza kwa neno moja: jieleze. Mtendaji wa mtaa hulitamka kabla ya kuandika barua ya utambulisho, daktari hulitamka kabla ya kuagiza vipimo, na askari wa zamu katika kaunta ya kituo cha polisi hulitamka kabla ya kufungua jalada. Kwa wananchi walio wengi neno hilo halina uzito wowote. Wapo wachache ambao kwao ndilo kikwazo cha kwanza na kikubwa kuliko vyote. Kwa kuwa si viziwi, hawana kigugumizi na hawana alama yoyote mwilini, anayewahudumia huutafutia ukimya wao sababu nyingine: kiburi, uvivu, ulevi, au jambo linalofichwa.

Hali hiyo inafahamika kitaalamu. Mwaka 2017 jopo la wataalamu 57, chini ya uongozi wa Profesa Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford, lilikubaliana kuacha majina mengi yaliyokuwa yakitumika na kubaki na moja, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa tatizo la ukuaji wa lugha. Ni ugumu wa kuelewa au kutumia lugha ya mazungumzo unaoanza utotoni bila kusababishwa na uziwi, usonji au jeraha la ubongo. Mara nyingi huonekana katika zaidi ya mtu mmoja wa familia ileile. Kwa wengi hauishi na umri. Mtoto hukua nao hadi kuwa mzazi, mfanyakazi na mpiga kura.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana katika utafiti uliofanyika katika jimbo la Iowa na maeneo jirani nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1997. Watoto 7,218 wa shule za awali walipimwa, na ikabainika kuwa takriban 7 kati ya kila 100 walikuwa na ugumu huo. Takwimu nzito zaidi ni ile ya wazazi: asilimia 29 tu ya wazazi wa watoto hao ndio waliokuwa wamewahi kuambiwa kwamba mtoto wao ana tatizo la usemi au lugha. Utafiti uliofanyika Surrey, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta kiwango kinachokaribiana na hicho. Watoto wa Iowa leo ni watu wazima wenye zaidi ya miaka thelathini. Tarakimu hizo si za Tanzania na hazipaswi kusomwa hivyo, lakini zinaonesha kuwa hata katika nchi zenye wataalamu wengi, wasiotambuliwa ndio walio wengi.

Tanzania ina mazingira yake yanayoufanya ugumu huu ujifiche zaidi. Mtoto anaweza kuanza maisha kwa Kisukuma, Kihaya au Kimakonde nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari kwa Kiingereza. Kila hatua huja na maelezo yaliyo tayari: hajaizoea lugha, akizoea atachangamka. Kwa watoto wengi maelezo hayo ni sahihi. Kujua lugha mbili au tatu hakusababishi tatizo hili, na mtoto aliyechelewa kwa sababu ya ugeni wa lugha kwa kawaida huwafikia wenzake. Mwenye tatizo la ukuaji wa lugha hulibeba katika lugha zote, hata ile aliyolelewa nayo na bibi yake. Swali linaloweza kuwatenganisha wawili hawa ni jepesi: anasimuliaje tukio kwa lugha ya nyumbani? Ni swali ambalo walimu wengi hawawezi kulipima, kwa kuwa lugha ya nyumbani kwa mwanafunzi si lazima iwe lugha ya mwalimu.

Kwa mtu mzima, ugumu huu huonekana mahali ambapo maneno hufuatana kwa kasi. Chukua maelekezo ya kawaida ya dirishani: "Usilipie benki kabla hujapata kumbukumbu namba, na fomu usiirudishe mpaka mtendaji aigonge muhuri." Sentensi ina makatazo mawili na masharti mawili, na mpangilio wa maneno ni kinyume cha mpangilio wa matendo. Mwenye ugumu wa lugha anaweza kuyashika maneno "kulipia benki" na kuondoka nayo. Kesho yake hurudi akiwa amefanya kinyume, huambiwa kuwa alielekezwa vizuri tu, naye hana maneno ya haraka ya kujitetea. Akizoea aibu hiyo huanza kumtuma mke, mume au mtoto wa shule kwenda kumsemea. Wapo wanaokataa kupandishwa cheo kwa sababu nafasi ya juu ina vikao na taarifa za kutoa kwa mdomo. Fundi hodari wa uashi anaweza kubaki kibarua wa wengine kwa kuwa hawezi kumweleza mteja makadirio ya kazi.

Utafiti wa muda mrefu wa Ottawa, Kanada, ulioanza mwaka 1982 kwa watoto wa miaka mitano, uliwafuatilia hadi utu uzima. Walipofikisha miaka 25, waliokuwa na ugumu wa lugha walikuwa na elimu ya chini na kazi za hadhi ndogo kuliko wenzao. Hata hivyo, walipoulizwa kuhusu ubora wa maisha yao, majibu yao hayakupishana sana na ya wengine, hasa pale walipokuwa na familia na marafiki wa kuwategemea. Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa, maana mijadala ya ulemavu huegemea mno upande wa huruma.

Eneo lenye hatari kubwa zaidi ni la haki jinai. Maelezo ya onyo anayotoa mtuhumiwa polisi, na ushahidi mahakamani, vyote hutegemea uwezo wa kupanga tukio kwa mfuatano na kujibu swali lenye mitego. Mtu anayerukaruka katika masimulizi, au anayeitikia "ndiyo" ili swali liishe, huonekana mwongo. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kuzungumza atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Mwenye ugumu wa lugha anazungumza, kwa hiyo yuko nje ya mlango huo. Na mkalimani hamsaidii, kwa kuwa lugha anayoulizwa ni yake mwenyewe. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1999 ilianzisha msaidizi wa mawasiliano kwa mashahidi wa aina hii, ambaye hatafsiri, bali hushauri namna swali linavyopaswa kuundwa na kulisimamisha linapokuwa limefungamana.

Msingi wa kisheria wa kuanza kulishughulikia jambo hili nchini upo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao unaihesabu lugha nyepesi kuwa njia ya mawasiliano na kutaka marekebisho ya taratibu ili watu wenye ulemavu wapate haki. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Pengo ni la wataalamu. Shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2008, na wahitimu katika ukanda mzima bado ni wachache mno kumfikia mtu mzima wa kijijini.

Yapo hata hivyo yasiyosubiri mtaalamu. Mtumishi anaweza kutoa agizo moja kwa wakati, kwa mpangilio wa utekelezaji wake, na kuandika hatua hizo kwenye karatasi. Anaweza pia kuacha kuuliza "Umeelewa?", swali ambalo jibu lake ni ndiyo karibu kila mara, na badala yake akasema: "Hebu niambie, ukitoka hapa unaanzia wapi?"