Vichaka vya Itigi Vitazamwe Kama Kitu Kimoja

Msafiri wa garimoshi la Tabora, apitapo Itigi wakati wa kiangazi, huona dirishani fito za kijivu zisizo majani, maili baada ya maili, akakata shauri kwamba hilo ni pori tupu. Na hukumu hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo waliyoitoa watawala wengi juu ya nyika zetu kavu. Waingereza walioanza kufyeka nyika ya Kongwa mwaka 1947 kwa ajili ya karanga waliamini vivyo hivyo, na kufikia 1951 wakauacha mpango wao, mitambo imevunjika na udongo umekuwa mgumu kama saruji.

Lakini aingiaye katika kichaka cha Itigi kwa kutambaa, maana kwenda wima ni muhali, ataona mashina mengi yaliyochipua kutoka shina moja, vilele vilivyofumana kwa kimo cha mita 3 hadi 5, na chini yake majani makavu tu, pasi na nyasi za kutajika. Kwa kukosa nyasi, moto hauna njia ya kupenya kati; hula kingoni. Ndiyo sababu twasema kwamba kichaka kizima hujilinda chenyewe, ama kikikatwakatwa kwa mashamba na matanuri ya mkaa, kingo huzidi, nyasi huingia, na moto wa kila kiangazi humaliza kilichosazwa na shoka.

Mimea ya namna hii, kwa mkusanyiko wake huu, haijulikani duniani ila mahali pawili: hapa kwetu, na kaskazini ya Zambia baina ya maziwa ya Tanganyika na Mweru Wantipa. Wenzetu wa huko wanayo hifadhi ya Nsumbu. Sisi tunayo Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo yampa kila mwanakijiji sauti katika msitu wa kijiji chake, nayo ni sheria njema. Illa kijiji kimoja kikihifadhi na jirani yake akigawa mashamba, kilichohifadhiwa ni kipande, nacho kipande hakidumu. Wala hatumlaumu mchoma mkaa, ambaye ada ya shule haimsubiri; twataka mwenye mizinga ya nyuki ahakikishiwe haki yake humo, ili kichaka kilichosimama kimpe riziki.

Basi twawasihi madiwani wa Itigi na Manyoni wakae baraza moja na wazee wa vijiji, wachore mpaka mmoja wa hifadhi unaopita juu ya mipaka ya vijiji vyao, na wafanye hivyo kabla ya kugawa shamba jingine lolote.