FIDIA YA NDEGE: MGOMO USIFANYWE KISINGIZIO



Wapo watakaouliza: mchuma chai na ndege, wapi na wapi? Jibu limo majumbani mwetu. Mabinti zetu waendao Saudia na Dubai kufanya kazi za nyumbani huondokea Entebbe, na mara nyingi nyuma ya safari hiyo kuna mkopo au kipande cha shamba kilichouzwa. Viongozi wetu wa matawi nao husafiri kwa mikutano. Ndege isipoondoka, anayeumia ni mvuja jasho yule yule.

Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai alikwama siku mbili katika kiwanja kimoja cha Ulaya akirudi kutoka mafunzo ya chama. Dirishani kwa shirika la ndege akaambiwa: “Marubani wetu wamegoma. Hatuna la kukulipa, walaumu wao.” Naye akarudi nyumbani akiwalaumu kweli! Tulipomsikiliza tulikasirika. Kulala kwenye kiti si kitu, wengi wetu tumelala pabaya zaidi. Kilichotuudhi ni mfanyakazi kufundishwa kumchukia mfanyakazi mwenzake, na hali fedha yake imebaki mfukoni mwa tajiri.

Maana neno lile la dirishani si kweli. Aprili 2019 marubani wa shirika la SAS katika Sweden, Norway na Denmark waligoma siku saba wakidai mishahara na ratiba nzuri za kazi. Safari zaidi ya 4,000 zilifutwa. Abiria mmoja aliyekuwa aende Stockholm kutoka Malmö alidaiwa fidia ya Euro 250, na shirika likakataa kwa hoja kwamba mgomo ni dharura isiyo na mwenyewe. Tarehe 23 Machi 2021 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mgomo halali ulioitishwa na chama cha wafanyakazi wa shirika lenyewe ni jambo la kawaida katika shughuli za mwajiri, kwa hiyo si dharura. Mwajiri aliyeshindwa kukubaliana na watu wake asimtupie abiria hasara. (Mgomo wa waongoza ndege, ambao si waajiriwa wa shirika, ni habari nyingine.)

Sheria yenyewe ni Kanuni ya 261 ya mwaka 2004. Iliweka Euro 250 kwa safari fupi, 400 kwa za kati, na 600 kwa safari zinazopita kilometa 3,500, kama hii ya kurudi kwetu. Inamhusu kila anayeondokea kiwanja cha Umoja wa Ulaya, ndege iwe ya nani. Anayekwenda huko kutoka kwetu analindwa tu akipanda ndege ya shirika la Ulaya. Na hata dharura ikiwa ya kweli, chakula na mahali pa kulala ni wajibu wao.

Kwa mabinti zetu wa Ghuba kanuni hiyo haifiki. Wao wana Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Uganda, Kenya, Tanzania na Saudia zimeukubali. Huo hautaji kiasi maalumu. Unasema shirika lilipe hasara iliyotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilifanya kila liwezekanalo kuizuia. Basi bila risiti utathibitisha nini? Mzigo ukichelewa, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu kuupokea. Ukiharibika, siku 7. Kesi mahakamani ifunguliwe kabla ya miaka 2 kupita.

Sisi tunaona udhaifu mkubwa hapo. Binti ambaye wakala ameshika karatasi zake zote atatoa wapi ushahidi? Tunataka serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziweke viwango vya wazi kama walivyofanya Ulaya, na mawakala walazimishwe kumwachia msafiri nakala ya tiketi yake. Fidia ya ajali kazini imeandikwa katika sheria. Hili nalo ni la kudai.

Yule ndugu yetu tulikaa naye ofisini tawini Jumamosi iliyopita tukaandika barua yake. Ameambatisha tiketi, kipande cha kupandia ndege, na risiti ya chai na mkate alivyojilipia mwenyewe. Dai ni Euro 600, na bei ya mkate juu yake.