Aliyepanda Ndiye wa Kutoa Salamu

Ijumaa moja baada ya sala nilikuwa nikitoka Mji wa Kale, Mombasa, kurudi kwangu Kisauni. Jua lilikuwa la utosini. Vioo nimevipandisha, kiyoyozi nimekifungua, nami niko juu ya kiti changu kama mtu aliyeketi ghorofani. Jioni yake nikakutana na maalim wangu wa chuo, mzee aliyenifunza alifu na be kwa ubao na wino. Nikambusu mkono. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mchana nilikutolea salamu pale njia panda, lakini kioo chako hakikuitikia."

Hakusema zaidi, wala hakuwa na haja ya kusema zaidi. Usiku ule niliitazama gari yangu kwa jicho jingine, na tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wenzangu wenye gari za namna hii: mwaishi nazo vipi? Makala haya ni jumla ya majibu yao na yangu.

Gari ninazozinena wasomaji wazijua. Si zile kubwa za mabwana wenye nafasi na za watalii wa mbugani, wala si saluni za chini. Ni za katikati: mwili wa gari ndogo, kimo cha gari ya safari. Wauzaji huziita SUV ndogo. Mimi nitaziita gari za kimo. Suzuki ilitangulia na Escudo mwaka 1988. Toyota ikatoa RAV4 mwaka 1994, Honda ikatoa CR-V mwaka 1995, Subaru ikaleta Forester mwaka 1997, na Nissan ikafuata na X-Trail mwaka 2000. Leo hii simama asubuhi penye daraja la Nyali uzihesabu. Utachoka wewe kabla hazijaisha.

Zamani fahari ya safari ilikuwa Peugeot 504, hasa ile ndefu ya nyuma iliyochukua ukoo mzima ndani na mizigo ya harusi juu ya paa. Lakini katika miaka ya 1990 milango ilifunguka, gari zilizokwisha kutumika zikaingia kwa wingi kutoka Japani, na mambo yakageuka. Sababu haifichiki. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Kwao gari mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waziuze mapema. Sheria yetu nayo hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane. Basi gari iliyochokwa na watu wa Nagoya huteremshwa Kilindini ingali na nguvu, na sisi wa Mombasa ndio wa kwanza kuiona ikitoka bandarini na vumbi la meli.

Kwanza nitaje sifa zake, kwani si haki kuanza na lawama. Mwalimu mmoja wa skuli akaaye Likoni aliniambia kwamba alipokuwa na saluni, kila maji yakiwa ya kupwa na mteremko wa kuingilia ferini ukasimama, alikuwa akisikia bampa ya mbele ikikwaruza chuma. "Nilikuwa nikifumba macho," asema. Saluni nyingi zina nafasi ya sentimita 15 hivi kutoka chini yake hadi ardhini. Forester ina 22. Hizo sentimita saba ni chache kwa rula, lakini ni nyingi kwa mtu aliyeko ferini au kwenye njia ya mtaani iliyojaa maji ya masika.

Muuguzi mmoja wa kike akanipa sababu ambayo mimi sikuifikiria. Mamake ana maradhi ya magoti. Saluni ilimlazimu ajiteremshe kama anayeingia shimoni, na matatu ilimlazimu apande kama anayekwea mnazi. Katika gari ya kimo, kiti kiko sawa na kiuno. Bibi hugeuka, akakalia, akaingiza miguu. "Nilinunua magoti ya mamangu," akaniambia, na sikuwa na la kujibu.

Ama kuhusu taabu, ziko, na nyingi zatokana na kununua jina badala ya kitu. Kijana mfanyabiashara wa Malindi aliingia na gari yake mchangani kwa yakini kwamba magurudumu yote manne yavuta. Yalivuta mawili tu, ya mbele, yakajichimbia kaburi. Wavuvi ndio waliomtoa kwa kamba ya mashua, na hawakukosa la kucheka jioni ile. Ukweli ni kwamba gari hizi hutengenezwa namna mbili, yenye kuvuta kwa magurudumu mawili na yenye kuvuta kwa manne, na kwa nje ni mapacha. Mwenye kununua na ainame atazame chini kwa nyuma: akiona kibuyu cha gia baina ya magurudumu na mti wa chuma uendao mbele, hiyo ni ya manne. Asipoviona, amenunua saluni iliyovaa viatu virefu.

Mimi yangu ilinifunza juu ya gia. Nyingi ya gari hizi hazina gia za meno kama tulizozizoea, bali zina mkanda wa chuma uzungukao baina ya puli mbili, na oili yake ni ya namna yake pekee. Fundi mmoja alitia oili aliyokuwa nayo. Baada ya majuma mawili gari ilianza kuguna kama ngamia anayepakiwa chumvi, na matengenezo yake yakanila akiba ya miezi mitatu. Fundi simlaumu peke yake. Aliikuta gari ambayo kitabu chake chote ni cha Kijapani, na mwenye gari ambaye hakuuliza.

Tena kuna hiki Kijapani chenyewe. Kila asubuhi nikiwasha injini, bibi mmoja asiyeonekana hunena maneno kwa adabu kubwa. Siku ya kwanza mamangu alipopanda, alimwitikia, "Wa alaykum salaam." Baadaye kijana mmoja aliyepata kufanya kazi Japani alitufasiria: bibi huyo atukumbusha tu kwamba hatukutia kadi ya kulipia barabara za kwao. Mama alisikitika kidogo. Hata hivyo huendelea kumwitikia, asema heri kukosea kwa kuitika.

Sasa tuje kwenye gharama. Mwaka 2023 ushuru wa kuingiza gari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwezi wa Julai mwaka huo huo kodi ya mauzo juu ya petroli ikatoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Septemba lita moja ikapita shilingi 200. Wenye gari za injini ya lita mbili waniambia kwamba katika foleni za mjini hupata kilomita nane au tisa kwa lita. Ongeza tairi, ambazo ni pana na za bei kuliko za saluni. Ongeza bushi na shoka zinazoliwa na mashimo, na upepo wetu wa bahari ambao hula chuma kimyakimya. Mtu aliyepiga hesabu ya kununua bila ya kupiga hesabu ya kuishi nayo, huyo amefunga ndoa kwa kuangalia mahari tu.

Na hapa ndipo panaponitia hofu. Kwetu sisi Waislamu swali la kwanza huwa ni riba, na ni swali la haki. Tangu benki mbili za kwanza za kufuata sharia, Gulf African na First Community, kuanza kazi hapa Kenya mwaka 2008, wengi wamepata njia ya murabaha: benki huinunua gari iwe mali yake, kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, ukalipa kidogo kidogo. Biashara ni halali. Lakini deni la halali pia ni deni. Uhalali wake haukupunguzii siku za mwezi, wala haukuongezei mshahara. Nimeona watu waliotoroka riba wakaja kuzama katika malipo wasiyoyaweza, wakawa wanalala gari ikiwa nje ya mlango na usingizi ukiwa mbali.

Kubwa kuliko hilo ni ardhi. Namjua mtu wa Kwale aliyeuza kiwanja cha urithi, chenye minazi ya babu yake, ili anunue gari ya kimo. Siku ya kwanza mtaa ulimpongeza. Leo gari ile imepungua bei na itazidi kupungua, ilhali kiwanja kile kimezungushiwa ukuta wa mtu mwingine, na wanawe wapita pale wakionyeshwa mahali palipokuwa pao. Watu wa Pwani tumelia miaka mingi juu ya ardhi iliyochukuliwa na wengine. Yatupasa tuwe na haya ya kuitoa wenyewe kwa mkono wetu, kwa ajili ya chombo kitakachokuwa chuma chakavu kabla ya mtoto aliyeko tumboni kumaliza skuli.

Basi mtu ajuaje kama gari yake imemfaa? Nilipowauliza wenzangu, majibu yao yaligawanyika mafungu mawili. Gari hizi nyingi zina viti vitano, na nyumba ya Kipwani haina watu watano. Kuna shangazi, kuna mpwa, kuna jirani ambaye ni zaidi ya ndugu. Fungu la kwanza lilinung'unika: tangu kununua gari hawapumziki, huyu ataka kupelekwa harusini, yule ana mgonjwa, yule ana mgeni kituo cha reli. Mmoja alifikia kuificha gari kwa shemejiye mtaa wa pili, ajioneshe hana.

Fungu la pili lilihesabu mambo hayo hayo kuwa ndiyo faida. Yule muuguzi aliniambia amekwisha kuwapeleka waja wazito wanne hospitali usiku wa manane, na mmoja wa watoto hao mtaa mzima humwita kwa jina la gari. Petroli ile ile na deni lile lile, ila wa kwanza waona wameibiwa na huyu aona amepewa. Sisemi kwamba mwenye gari awe punda wa kila mtu. Mafuta yana bei, na jirani mwungwana huchangia. Nasema kwamba kwetu sisi chombo hakijawa cha mtu mmoja kamwe, tangu zama za mashua na punda, na anayenunua gari akidhani amejinunulia faragha, amenunua ugomvi.

Narudi kwa maalim wangu. Tulipokuwa watoto chuoni alitufunza adabu aliyoifundisha Mtume, rehema na amani zimshukie: aliyepanda ndiye amsalimuye aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu ndiye amsalimuye aliyeketi. Tukaikariri bila ya kuiuliza maana. Leo nadhani naijua. Aliye juu ndiye aanze, kwa sababu kimo kina kiburi chake, na salamu ndiyo ngazi ya kushukia. Gari hizi zimetupa kimo. Vioo vyake vya nyuma huja vyeusi tangu kiwandani, na vya mbele twavifunga wenyewe. Ndiyo maana mzee wa watu, aliye chini juani, alilazimika kunitolea salamu ambayo mimi niliye juu ndiye niliyekuwa nadaiwa.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata, Magharibi ilinikuta kwenye foleni ya Nyali. Redio ya gari haikunifaa kitu, kwani redio za Kijapani aghalabu huishia masafa ya 90, na nyingi ya stesheni zetu ziko juu ya hapo. Sikuwa na tende wala maji, na saa yangu sikuiamini. Nikateremsha kioo. Adhana ikaingia kutoka misikiti miwili kwa pamoja, na nyuma yake ukaingia mkono wa kijana nisiyemjua, akiwafuturisha wasafiri barabarani. Akanipa tende tatu na chupa ya maji, akaniambia, "Assalaam alaykum, baba," akaenda kwa gari iliyofuata.

Tangu siku hiyo kioo cha upande wangu hakipandi nikiwa mtaani. Joto ni joto, lakini nimelizoea, na maalim akipita namwona kabla hajaniona. Kwa wale wanaotaka kununua, na kwa sisi tuliokwisha kununua, nawaachia beti hii moja:

Gari si urefu wake, si rangi yake machoni,
Bali watu ndani yake, wafikao salamani,
Mzee na mwanamke, waliokwama njiani,
Hayo mwenyewe aweke, yawe faida moyoni.