Nilidanganya kuhusu ile ngoma ya msitu

Wasee, kabla mniulize tena "ulikula nini ukitunga ile ngoma", acha niseme ukweli: chai ya maziwa na mandazi mbili. Hiyo tu.

Kama umeanza kunifuata majuzi, labda hujui naongelea nini. Mwaka jana niliposti ngoma ya dakika kumi na moja. Haina biti, haina maneno, ni maji na ndege na noti tatu zinazozunguka polepole. Kwa kapsheni nikaandika ati niliitunga usiku mmoja nikiwa juu ya uyoga. Uongo mtupu. Niliandika hivyo kwa sababu ngoma yangu ya kwanza ya aina hiyo, ile niliandikia ukweli, ilisikizwa mara arobaini, na nina uhakika nusu yake ilikuwa mathe akifungua na kufunga. Hii ya uyoga ikaenda. Watu wakasema wameona rangi. Nami nikanyamaza, nikala laiki zangu.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja akaniandikia inboksi. Yuko kidato cha nne. Akasema hulala na hiyo ngoma kila usiku tangu babake afariki, na sasa amepata msee wa kumuuzia "ile kitu", na angetaka nimwambie achukue kiasi gani ndio aingie ndani zaidi. Yaani ananiuliza kipimo. Mimi, ambaye niliacha chuo mwaka wa pili na sijui hata kipimo cha mchele. Nilikaa na simu mkononi mpaka skrini ikazima yenyewe.

Si ati sijawahi. Nimewahi mara moja, na nitawaambia venye ilienda kwa sababu ni aibu. Tulikuwa watatu, nyumba ya rafiki yangu Rongai, nimebeba kompyuta na maikrofoni, niko tayari kuleta ujumbe kutoka ng'ambo ya pili. Nikapata sauti moja, nikaiongezea mwangwi, nikalia machozi. Niliamini hiyo ndiyo sauti dunia ilizaliwa nayo. Nikarekodi masaa matatu. Kesho yake tukaiweka kwa spika, mwenye nyumba akaskiza kidogo akasema, "Buda, hii ni friji." Na kweli ilikuwa friji. Maikrofoni ilikuwa imeelekezwa jikoni usiku mzima.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Yule wa tatu alikaa bafuni hadi alfajiri akiamini amekufa na sisi tunaficha mwili. Alikuwa anaita, na sisi wawili tulikuwa tunamskia, lakini hakuna hata mmoja alikuwa na akili ya kusimama aende amshike mkono. Ilichukua miezi kabla aweze kulala na taa imezimwa. Hiyo sikuwahi kuiweka kwa kapsheni.

Tangu huyo kijana aniandikie nimekuwa nikisoma na kuskiza vile wenye kuchukua haya mambo kwa uzito huyafanya, na kila mahali nakuta kitu kimoja: muziki ndio kazi yenyewe, na kuna mtu timamu amekaa karibu. Jon Hopkins, Mwingereza wa muziki wa elektroniki, alitoa albamu 2021 inaitwa Music for Psychedelic Therapy. Huyu ni mtu tulikuwa tunamjua kwa biti za kucheza. Mwaka 2018 akaingia mapango ya Tayos kule Ekwado, chini ya msitu wa Amazon, na alichotoka nacho ni albamu nzima isiyo na hata dundo moja la dramu. Maji, ndege, sauti zinazopanda na kushuka taratibu. Angalia jina lakini: ameandika tiba. Hakuandika bash.

Usimchanganye na chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, ingawa huko pia wako kwa hii stori. Watafiti wao walichapisha kazi yao kuhusu psilocybin, ile kemikali iliyo ndani ya huo uyoga, mwaka 2006. Mtu alikuwa analazwa kwa kochi, macho yamefunikwa, hedifoni masikioni, anachezewa muziki mwingi wa klasiki wa Ulaya. Kando yake kuna watu waliotumia masaa kumjua kabla ya siku hiyo, na hawaondoki. Kule Gabon, watu wa Bwiti wanaotumia mzizi wa iboga hupiga kinubi kiitwacho ngombi usiku kucha, na kuna wazee wa kumwongoza anayeingia. Linganisha hiyo na kununua kitu kwa mtu wa Telegram halafu uache intaneti ikuchagulie nyimbo, katikati tangazo la mkopo linaingia. (Na ukishikwa nayo hapa Kenya ni kesi. Na kama ni wa kuokota mwenyewe porini, kuna uyoga unaua ini na hautangazi.)

Lakini iliyonishika zaidi iko nyumbani. Bibi yangu ni Mdigo wa Kwale, na nilipompigia kumuuliza kuhusu nyimbo za kuingia ndani ya mtu, alinicheka kwanza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hiyo si mpya, hiyo ni kayamba." Mnakijua hicho chombo: mabua yamefungwa pamoja yakawa bapa, ndani kuna mbegu, unakitikisa kushoto kulia na kinatoa sauti kama mvua inayokuja kwa mbali. Jina hilohilo ndilo la ngoma ya usiku ya kumtibu mtu mwenye pepo. Mgonjwa anafukizwa, anakaa katikati, na waimbaji wanajaribu wimbo baada ya wimbo kwa sababu kila pepo ana wake. Ukipigwa wa kwake, mwili wa mgonjwa unajibu. Wakati mwingine, bibi akasema, kunapambazuka na haujapatikana bado. Sisemi lazima uamini pepo, mimi mwenyewe sijui nimesimama wapi hapo. Ila fikiria kundi la watu wanakesha wakikutafutia wimbo wako. Mimi sikufanyiwa hivyo chuo, wala huyo wa bafuni hakufanyiwa.

Sasa ile ngoma. Nilipoacha chuo nilikuwa na zile usiku ambazo moyo unakimbia na wewe umelala. Nikaanza kwenda Karura wakifungua geti tu, nikitembea hadi karibu na maporomoko. Huo msitu, kwa wale mnaenda kupiga picha tu, upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 wakikataa unyakuliwe. Nilikuwa natumia simu yangu, nimeivalisha soksi ili upepo usiharibu. Na hapo ndipo niligundua siri ya kurekodi: ukisonga, umeharibu. Ukikohoa, umeharibu. Kwa hivyo nilikaa. Mwanzoni unaskia matatu za Kiambu Road tu na ndege ya abiria ikipita, na kichwa chako kikikutusi. Dakika ya ishirini hivi, masikio yanafunguka. Unaanza kutofautisha maji yanayogonga jiwe na maji yanayogonga maji. Kuna siku nilifika nyumbani nikagundua kwa saa nzima sikuwa nimejitusi.

Na ile sauti nzito mnayosema ni kama dunia inapumua, ile mtu mmoja aliniandikia ati alimwona marehemu nyanyake ndani yake? Ni kwarara. Yule ndege wa mdomo mrefu anayepiga kelele kwa paa la kila mtu Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpunguza kasi mara nane, na ndani ya ile kelele kulikuwa na noti tatu, moja baada ya nyingine, kama mzee anayeguna akiinuka kitini. Hizo ndizo nilizozungusha. Kama unataka kuskia mtu anayefanya haya kwa ustadi wa kweli, tafuta KMRU, mtoto wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru yule wa benga, aliyetoa albamu inaitwa Peel mwaka 2020.

Nimebadilisha kapsheni. Imeshaanza kushuka, na mmoja amesema nimemharibia, afadhali ningenyamaza. Namwelewa.

Yule kijana nilimwambia kila kitu, friji na bafu na soksi. Alinyamaza siku nzima, halafu akajibu, "Kwa hivyo ni ndege tu?" Nikamwambia ndio, ni ndege. Nikamuuliza anaishi na nani, akasema shangazi na binamu mkubwa. Nikaomba namba ya huyo binamu, tukaongea vizuri. Jumamosi tunaenda Karura wote watatu, wakifungua geti. Nimemwambia abebe soksi, na iwe safi.