Wepesi wa Gamay si kasoro

Imani kwamba mvinyo mwekundu bora lazima uwe mzito, mweusi tii, wenye ukakasi wa kubana ulimi kama bibo bichi, imewanyima wanywaji wengi raha kubwa. Anayeonewa zaidi ni mvinyo wa zabibu iitwayo Gamay. Mtu huinua glasi, akaona mwanga unapenya, akatoa hukumu hata hajanusa: huu ni wa wanaoanza kunywa. Hukumu hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote.

Chuki yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy huko Ufaransa, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe. Ilikuwa ikizaa mno, na wakulima waliipendea hilo hilo. Yeye alitaka Pinot Noir, zabibu iliyokuwa fahari ya himaya yake. Karne sita baadaye, mwaka 1999, watafiti wa vinasaba walitangaza kwamba Gamay ni mtoto wa Pinot Noir huyo huyo na zabibu nyeupe iitwayo Gouais Blanc. Chardonnay, ambayo watu huilipia fedha nyingi bila kunung'unika, imetoka kwa wazazi hao hao wawili. Anayetaka kuidharau Gamay kwa ukoo wake atafute hoja nyingine.

Hoja hiyo nyingine huwa ni Beaujolais Nouveau, mvinyo mchanga wa Gamay kutoka eneo la Beaujolais huko Ufaransa, na hapa nakubali kwamba walalamikaji wana walichokionja. Nouveau huingia sokoni Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Vichala hutiwa tangini vikiwa vizima, gesi ya kabonidioksidi hulijaza tangi, na uchachukaji huanzia ndani ya punje yenyewe. Kazi ikiharakishwa, mvinyo hutoka ukinukia ndizi mbivu na peremende. Kwa sherehe ya usiku mmoja unafaa. Kuupima ukoo mzima kwa chupa hiyo ndiko kunakoniudhi.

Kaskazini mwa Beaujolais kuna maeneo 10 yanayouza mvinyo kwa majina yao wenyewe, na sheria hairuhusu mvinyo wa huko kutolewa kama Nouveau. Miongoni mwao, Fleurie hunukia maua. Moulin-à-Vent, hasa wa mwaka mzuri, huvumilia miaka kumi na zaidi chupani na kuzidi kukomaa. Morgon ndiko mtengeneza mvinyo Marcel Lapierre, aliyefariki mwaka 2010, alikofuata mafundisho ya mkemia Jules Chauvet: zabibu safi zilizokomaa, hamira ya asili ya shambani, dawa kidogo kabisa. Onja Morgon ya namna hiyo taratibu. Harufu ya cheri hutangulia, kisha huja kitu cha udongo na viungo. Ulimini hauna uzito wa kuchosha. Una uchachu unaoleta mate na kukurudisha kwenye sahani. Huko mjini Lyon mvinyo huu huletwa mezani kwenye chupa ya sentilita 46 yenye kitako kinene, pamoja na soseji na kuku, na hakuna anayeuliza kama ni mweusi vya kutosha. Mvinyo unaoamsha hamu ya chakula umefanya kazi ngumu kuliko ule unaoizima.

Tena sisi tunaoishi kwenye joto tunauharibu mvinyo huu kwa mikono yetu. Tumeambiwa mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, nasi tukatii. Kauli hiyo ilitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hufika nyuzi 30. Kwa joto hilo Gamay yoyote hulegea, matunda yake hupotea na kileo hukwea puani. Inataka nyuzi 13 au 14 hivi. Nusu saa ya friji wanayoshauri Wazungu haitutoshi. Ipe saa moja na nusu, hata mbili.

Kwa hiyo ukikuta chupa yenye jina la Morgon, Fleurie au Moulin-à-Vent, usiipite kwa sababu rangi yake ni nyepesi. Ipooze, mimina kidogo, nusa, kunywa pamoja na chakula, ndipo useme.